Muulize Bi Mwalimu: Yuko Gredi ya Saba, kusoma bado

Barua za mwezi huu nyingi zimerudi mwaka 2020, sijui kwa nini. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inanigusa mwenyewe.

SWALI: Shikamoo Bi Mwalimu. Mwanangu ana miaka 12, yuko Gredi ya Saba. Juzi nilimpa gazeti anisomee maana miwani yangu imevunjika. Alisoma mistari miwili jasho likimtoka, kisha akasema kichwa chamuuma. Babake asema ni uvivu na simu, akamchapa. Mimi nakumbuka alikuwa Gredi ya Kwanza korona ilipoingia. Je, ndiyo sababu, au natafuta pa kusingizia? Na kwa umri huu atasaidika kweli?
Mama, Msambweni

JIBU: Marahaba mamangu. Kwanza mwambie babake aweke bakora chini, kisha umsomee na haya yanayofuata.

Mwaka huo wa 2020 nilikuwa nafundisha Gredi ya Kwanza upande wa Likoni, watoto 58 darasani. Ijumaa tarehe 13 Machi tulikuwa kwenye silabi za "m": ma, me, mi, mo, mu. Siku hiyo hiyo kikatangazwa kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya, na Jumapili Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shule zifungwe. Silabi zangu nilikuwa nimeziacha ubaoni. Niliporudi Januari 2021 zilikuwa pale pale, chaki imefifia lakini yasomeka. Nikamwita mtoto mmoja aliyekuwa akizisema kama wimbo, nikamwonyesha "mo". Akaniangalia usoni, akangoja nimwambie.

Si kwamba hatukujaribu. KICD, ile taasisi ya mitaala, ilipeleka masomo kwenye redio na televisheni. Mimi nikafungua kundi la WhatsApp. Kati ya wazazi 58 walioweza kuingia walikuwa 11. Wengine wote walikuwa na kabambe, simu zisizoingia WhatsApp. Na hata hao 11, bando ya baba aliyesimamishwa kazi hotelini Diani si ya kumtazama mwalimu akitamka "ma". Mtoto wa Gredi ya Kwanza ataka kuona midomo yako, nawe uone anavyoishika penseli. Redio haimwoni.

Julai 2020 Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kuwa mwaka wa masomo umepotea. Tukadhani wataanza upya. Lakini Oktoba wakarudi Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne peke yao, na waliobaki walipoingia tarehe 4 Januari 2021 walipelekwa moja kwa moja muhula wa pili, kana kwamba walitoka jana. Kisha mihula ikafinywa ili kufikia Januari 2023 kalenda iwe imerudi mahali pake. Gredi ya Pili wanangu waliianza Julai 2021 na Machi 2022 wakawa wameimaliza. Baina ya Gredi ya Kwanza na ya Pili walipumzika kama wiki moja.

Kwa hivyo ukiniuliza mimi, ile miezi tisa ya kukaa nyumbani haikumharibu mwanao kama haraka iliyokuja baadaye. Mtoto akikosa shule akarudi akaanzishwa alipoachia, atapanda. Huyu hakuanzishwa alipoachia. Alisukumwa.

Na wasukumaji tulikuwa sisi. Nilipojaza ripoti za mwisho wa Gredi ya Kwanza, niliandika "kukaribia matarajio" kwa watoto ambao hawakukaribia chochote. Kumrudisha mtoto darasa hairuhusiwi, ripoti zatakiwa kabla ya Ijumaa, na nikajiambia mwalimu wa Gredi ya Pili atamalizia. Yeye naye akajiambia wa Gredi ya Tatu. Sasa mwanao ana masomo tisa, na kila mwalimu anayeingia darasani aamini kwamba kusoma alishafundishwa na mwingine.

Leo usiku, ndugu zake wakishalala, mpe maneno kumi ambayo hajayazoea. Usimpe "mama" wala "shule", hayo ameyahifadhi kwa sura. Mwezi uliopita nilimkalisha kijana wa jirani wa rika lake. Neno lilikuwa "nyanza", akasema "nyanya". "Kibaoni" akasema "kibanda". Mtoto huyu hasomi. Anachungulia herufi za mwanzo na kubahatisha zinazobaki, na ameishi hivyo miaka yote hii bila kukamatwa. Mvivu hawezi kazi hiyo.

Wako akifanya vivyo hivyo, mrudishe kwenye silabi, zile za kubananisha konsonanti hasa: mba, nda, nywa, shwa, ng'o. Dakika 20 kila siku, si saa mbili Jumamosi. Usimpe kitabu cha Gredi ya Kwanza chenye picha ya kuku. Ana miaka 12, ataona haya na atakuwa na haki. Mpe ukurasa wa michezo wa Taifa Leo. Mpe maandishi ya pakiti ya unga. Mwambie akusomee yaliyoandikwa nyuma ya matatu mkiwa kwenye foleni ya feri. Akikosea, mfunikie neno kwa kidole umfunulie silabi moja moja. Usimtajie. Ukimtajia umemfundisha kukungoja.

Kichwa kikiendelea kumuuma, mpeleke akapimwe macho kabla ya lolote. Niliwahi kumwita mtoto mzembe muhula mzima, kumbe ubao haoni.

Atasaidika? Yule wa jirani tuko wiki ya tano. "Nyanza" sasa aisoma. "Mshwari" bado inamshinda, huruka "sh" akasema "mwari", na jana alicheka mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

SWALI: Mwalimu, hujambo. Nilifundisha shule ya kibinafsi Kisauni miaka minane, nina cheti cha P1 cha ualimu wa shule ya msingi. Aprili 2020 mwenye shule akatuambia hana pesa, na mshahara wa Machi pia akabaki nao. Nikaanza kukaanga viazi karai jioni. Leo nina meza mbili na kijana wa kunisaidia. Mama yangu hataki kuamini kwamba nimeacha ualimu. Kila Ijumaa aniuliza TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, wamesema nini. Je, nirudi darasani? Na ile pesa yangu, naweza kuidai?
Muuza viazi, Kisauni

JIBU: Sijambo mwanangu. Nianze na pesa maana ndiyo rahisi. Sheria ya Ajira ya 2007 yatoa miaka mitatu ya kufungua madai ya aina hiyo. Ya 2020 umechelewa. Unaweza kumwendea mwenye shule kwa adabu, ukamkumbusha mbele ya mtu mzima anayemheshimu. Wengine hulipa kidogo kidogo kwa aibu. Mahakamani usijipeleke, utamlipa wakili zaidi ya deni lenyewe.

La pili ni gumu, na sina haki ya kulisemea sana. Sisi wa TSC mwaka ule wote tulilipwa kila mwisho wa mwezi tukiwa tumekaa barazani. Nyinyi wa shule za kibinafsi, na wale wa BOM, walioajiriwa na halmashauri ya shule, tuliokuwa tukifundisha nao chumba kimoja, mlikatika mara moja. Mwenzangu wa BOM alipita mlangoni kwangu na beseni la mboga kichwani. Nilinunua mchicha wa shilingi 20, nikatoa 200 na kumwambia abaki na chenji. Akanirudishia yote, sarafu kwa sarafu. Mpaka leo sijui kama nilimsaidia au nilimtusi.

Kwa hivyo sitakwambia ualimu ni wito urudi. Nakuuliza tu: usiku ukifunga meza, ukatoa mafuta, viazi, gesi na ujira wa kijana, wabaki na ngapi? Linganisha na mwalimu mwanagenzi wa shule ya msingi, ambaye serikali imekuwa ikimlipa shilingi 15,000 kwa mwezi kabla ya makato. Ukiona viazi vyashinda, baki na viazi. Jina lako likiwa bado kwenye sajili ya TSC, usiliache life.

Mama yako mletee hesabu hiyo kwa maandishi. Mama wa mwalimu huamini daftari. Na kama hamu ya chaki haijakutoka, soma barua ya hapo juu tena. Kisauni penyewe watoto kama huyo wamejaa. Wawili watatu jioni kabla mafuta hayajapata moto, nao wazazi wao watakula viazi kwako.

SWALI: Bi Mwalimu, mimi niko Tanga. Dada yangu ameolewa Lunga Lunga. Yeye husema watoto wa Kenya walikaa nyumbani karibu mwaka mzima, nasi huku ilikuwa kama miezi mitatu. Mbona basi mwanawe hakuachwa nyuma na wangu hata darasa moja, na walizaliwa mwaka mmoja?
Shangazi, Tanga

JIBU: Dada yako hakudanganyi. Kwenu shule zilifungwa tarehe 17 Machi 2020, vyuo na Kidato cha Sita wakarudi tarehe 1 Juni, na wengine wote tarehe 29 Juni. Kwetu wengi walingoja mpaka Januari. Uganda ndiyo iliyozidi wote, kule milango haikufunguliwa kwa kila mtoto mpaka tarehe 10 Januari 2022.

Hakuachwa nyuma kwa sababu ya mihula ile niliyomweleza mama wa Msambweni: mwaka tuliopoteza tuliulipa kwa kuwakimbiza. Kwenye karatasi hatudaiwi hata siku moja. Watoto wakikutana likizo, mpe kila mmoja ukurasa ule ule, usome nao. Usiwashindanishe mbele ya watu.