Nicklaus: mataji 18 au 20?

SWALI: Tunaandaa bango la kumbukumbu la mchezaji gofu Jack Nicklaus klabuni. Wengine wanahesabu mataji makubwa 18, wengine 20. Tuandike lipi?

JIBU: Andikeni 18, kutoka mashindano manne makubwa ya gofu: Masters 6, PGA 5, US Open 4, The Open 3. Ile 20 hujumlisha US Amateur za 1959 na 1961, alizotwaa akiwa mchezaji wa ridhaa. Zipeni mstari wake. Msisahau kwamba alishika nafasi ya pili mara 19 katika hayo manne makubwa, jambo linalostahili heshima kubwa. Nafasi ikibaki, wekeni ushindi wa Masters ya 1986: akiwa na miaka 46, alianza siku ya mwisho nyuma kwa mipigo 4, akamaliza siku hiyo kwa mipigo 65, mashimo 9 ya mwisho kwa mipigo 30 tu.