Jino limeacha kuuma lenyewe. Nimepona?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama lishe hapa Morogoro. Gego la chini kulia limeniuma wiki tatu. Nilikuwa nameza Panadol mbili mara nne kwa siku, na katikati vile vidonge vya diklofenaki vyenye mchanganyiko wa parasetamo, vitatu kwa siku. Saa kumi alfajiri nawasha jiko, kwa hiyo cha kwanza nameza na chai ya rangi tu. Tumbo limeanza kuwaka moto. Juzi nilisaga aspirini nikaijaza kwenye tundu, fizi ikababuka, nyeupe. Tangu jana jino limetulia kabisa. Nimepona?

JIBU: Marahaba, mama. Hujapona, na huko kutulia ndiko kunakonitia wasiwasi. Jino lililotoboka likiuma sana, mara nyingi kiini chake, ile nyama laini yenye neva ndani ya jino, bado kiko hai. Kikifa, maumivu hukatika, lakini bakteria hubaki ndani, hushuka hadi ncha ya mzizi na usaha hujikusanya kwenye mfupa. Nimewahi kumpokea mtu aliyefurahia utulivu kama wako kwa siku tano. Alifika taya limevimba, mdomo haupitishi hata kijiko.

Tuhesabu vidonge. Panadol ni parasetamo, na nane za miligramu 500 ni gramu 4, kikomo cha mtu mzima kwa saa 24. Soma pakiti ya ule mchanganyiko: kila kidonge mara nyingi kina miligramu 500 nyingine za parasetamo. Vitatu vinakufikisha gramu 5.5, na ini huumia bila kukuambia. Usimeze tena hata kimoja mpaka uonwe. Diklofenaki ndiyo inayokuchoma tumbo. Usiibadilishe na ibuprofeni, ni ndugu moja. Ukipata choo cheusi kama lami, kimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Aspirini nayo ni tindikali. Hutuliza ikimezwa, ukiibandika kwenye fizi inaunguza tu. Sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kidonda kitafunga.

Kesho mwachie mtu jiko. Nenda hospitali yenye kliniki ya meno, wape hesabu hii ya vidonge wapime ini, kisha jino lipigwe eksirei. Ama mzizi utasafishwa na kuzibwa, ama jino litang'olewa. Amoksilini ya dukani haifiki ndani ya jino lililokufa, usipoteze hela. Na usiku wa leo ukivimba shingo au taya, ukipata homa au mate yakawa magumu kumeza, usingoje kupambazuke.