Bango la mgombea kwenye ukuta wako Kisauni

Dadangu, umesema vijana wamefunga bango la mgombea usiku, ncha moja kwenye ukuta wako na nyingine kwenye mlingoti wa stima, na sasa waogopa kulikata.

Usilikate wewe. Kanuni za maadili ya uchaguzi, zilizo ndani ya Sheria ya Uchaguzi ya Kenya ya 2011, zinakataza kuharibu au kuondoa kiholela mabango ya mpinzani, na mtaani hakuna atakayeamini ulikuwa unasafisha ukuta tu. Lakini ukuta ni mali yako, na Katiba kifungu cha 40 yailinda mali. Kuunga mkono chama hakumpi mtu ruhusa ya kupigilia misumari kwako.

Piga picha zenye tarehe. Kisha mwandikie wakala wa mgombea, kwa adabu lakini kwa maandishi, aje aliondoe kwa siku utakayotaja. Nakala mpe chifu. Mara nyingi hapo mambo huisha. Hakuna mgombea anayetaka kugombana na nyumba yenye kura tano!

Akikupuuza, nenda kaunti. Matangazo ya nje ni kazi yao chini ya Jedwali la Nne la Katiba, na bango lisilo na kibali wana uwezo wa kuliteremsha. Upande wa mlingoti waachie Kenya Power, kampuni ya stima. Usimtume mtoto na ngazi, nyaya zile hazina mzaha.

Ukiwa mpangaji, mshirikishe mwenye nyumba kwanza. Huenda yeye ndiye aliyewaruhusu.