Taa ya mbele kuingia maji: kabla hujatoboa, angalia nyuma ya taa

Wakuu, habari za jioni. Mkuu mwenye uzi umesema taa ya kushoto ya gari lako imejaa ukungu tangu mvua zianze, umeianika juani mara mbili na mara mbili ukungu umerudi, na sasa fundi anataka aitoboe chini "ili maji yapate pa kutokea". Umeuliza kama ukubali. Usikubali. Mimi nilikubali mwaka 2019, na taa ile haikurudi tena kuwa kama zamani. Nitaandika kirefu kidogo, kwa sababu wakati wangu sikupata mtu wa kunieleza, na taa isiyoona mbele ni jambo la roho za watu.

Nakaa Tanga, wakwe zangu wako Lushoto. Gari langu ni dogo la Kijapani la mwaka 2004, lenye glopu za H4. Vuli ya 2019 mnaikumbuka mvua zake. Ijumaa moja ya Novemba nilitoka kazini jioni, nikafika Mombo giza limeshaingia, nikaanza kupanda. Taa ya kushoto ilikuwa na ukungu tangu wiki iliyotangulia, nikaona si kitu. Wanaoijua njia ile wanajua ni kona juu ya kona, huku mwamba, huku bonde. Kabla sijafika Soni, mwanga wa kushoto ulikuwa hauendi popote. Ulikuwa unang'aa palepale kwenye kioo, umetawanyika, kama kibatari ndani ya moshi. Nikakata kona, nikamwona mama amejitwisha mzigo wa kuni, anatembea ukingoni mwa lami upande wangu wa kushoto, nimebakiza hatua chache kumfikia. Nilivuta usukani. Namshukuru Mungu hakukuwa na gari linaloshuka.

Nikasimama mbele, nikashuka nikamwomba radhi. Akanijibu, "Pole mwanangu," akapita na kuni zake. Nikainama kwenye taa na tochi ya simu. Chini ya kioo, kwa ndani, palikuwa na maji yametuama, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Nilipoegemea boneti gari likayumba, na yale maji yakakimbia kutoka kona moja hadi nyingine kama kwenye pima maji ya fundi mwashi.

Kijiko hicho cha chai kishikeni, maana ndicho kilichokuja kunifungua macho, ingawa kwa kuchelewa.

Taa ya gari haijazibwa kabisa, na walioitengeneza hawakutaka izibwe. Ukiwasha glopu ya halojeni ya wati 55, hewa ya ndani inapata moto, inatanuka na kutafuta pa kutokea. Ukizima inapoa, inasinyaa, inavuta hewa ya nje. Ndiyo maana nyuma ya taa kuna tundu la kupumulia, mara nyingi zaidi ya moja. Kwenye magari mengi ni kimrija cha mpira kilichopinda kama kiwiko, mdomo wake ukiangalia chini. Kwenye mengine ni kiraka kidogo cha utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Sasa hewa inayovutwa Tanga ni ya pwani, imeshiba mvuke. Ukipanda nayo Lushoto, kwenye mita kama 1,400 na baridi yake, kioo kinapoa na ule mvuke unajishika kwa ndani. Huo ni ukungu wa kawaida. Ni mwembamba, umetanda sehemu tu ya kioo, na ukiendesha taa zikiwa zinawaka unaondoka wenyewe. Hata vitabu vya maelekezo vya magari huandika hivyo: ukungu wa muda si ubovu, lakini matone makubwa au maji yaliyotuama yanahitaji fundi.

Tofauti hiyo mnaweza kuipiga hesabu wenyewe. Hewa ya nyuzi 30 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 30 hivi za mvuke kwa mita moja ya ujazo. Taa ya gari dogo tuseme ina nafasi ya lita 10. Basi mvuke wote uliomo humo, hata ikiwa hewa imeshiba kabisa, ni gramu 0.3, yaani kama matone sita. Matone sita yakisambaa kwenye kioo yanatosha kabisa kuleta ukungu. Kijiko cha chai ni gramu 5. Taa haiwezi kuvuta kijiko kizima kwa kupumua usiku mmoja. Ukikuta maji yametuama, jua yameingia yakiwa maji, kupitia mlango, na kazi yako ni kuutafuta huo mlango. Kuianika taa kabla ya hapo ni kudeki nyumba bomba likiwa bado linavuja.

Mimi sikuutafuta. Fundi wa kwanza alikoleza msumari kwenye jiko la mkaa mpaka ukawa mwekundu, akachoma matundu mawili chini ya taa. Maji yakatoka kweli, nikamlipa na kumshukuru. Baada ya wiki mbili za barabara ya vumbi, ndani ya taa palikuwa na michirizi ya tope, mbu waliokauka na sisimizi. Tundu la kupumulia la kiwandani limepinda kwa makusudi ili hewa ipite na maji ya tairi yasipande. Tundu la msumari limenyooka. Linatoa maji taa ikiwa imesimama, na linayaingiza ukipita dimbwi.

Fundi wa pili akaziba yale matundu, akapaka silikoni taa nzima, mzunguko wote, na vimrija vya kupumulia akavifukia humohumo. Silikoni yenyewe ilikuwa ile ya bei nafuu inayonuka siki. Ile harufu ni asidi inayotoka wakati inakauka, na kile king'aavu cha ndani ya taa ni plastiki iliyopakwa aluminiamu nyembamba mno. Taa ikawa kama sufuria yenye mfuniko: mvuke uliobaki ndani haukuwa na pa kwenda, kila asubuhi kioo cheupe. Miezi miwili baadaye king'aavu kilikuwa kimefifia na kupata mabaka karibu na glopu. Kikishafika hapo hakisafishiki, na ukikipangusa kwa kitambaa ile aluminiamu inatoka na kitambaa. Tafadhali msikipanguse kamwe, hata kwa pamba.

Siku niliyoelewa ilikuwa Jumapili, niko nyumbani, nimefungua boneti kuangalia maji ya rejeta. Nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: mbona taa ya kulia haina kitu? Gari ni moja, mvua ni ileile, umri ni uleule. Nikazitazama zote mbili kwa nyuma. Ya kulia ilikuwa na ule mpira mweusi wa duara unaovalishwa nyuma ya glopu, umekaa vizuri, umebana pande zote. Ya kushoto haikuwa nao. Hapo nikakumbuka Julai. Nilibadilisha glopu, nikaweka za LED zenye feni nyuma. Upande wa kulia kuna nafasi, fundi umeme akaupanua mpira kidogo ukapita. Upande wa kushoto betri imebana, feni ikagoma kupita kwenye mpira, akauvua akasema hauna kazi. Nami sikubisha. Tangu Julai taa yangu ilikuwa na tundu linaloingia vidole vitatu, likiangalia injini. Mvua ikipita kwenye upenyo wa boneti inadondokea hapo. Kijana wa kuosha gari akipiga injini kwa mashine ya presha, maji yanaingia moja kwa moja. Kisha hizo LED hazitoi joto mbele kama halojeni, kwa hiyo hata ukungu wa kawaida ulikuwa unachelewa kukauka.

Mkuu, hujatuambia kama umebadilisha glopu hivi karibuni. Naomba hilo ulijibu kwanza. Tangu siku hiyo nimeangalia taa za ndugu, majirani na watu wa kazini wanaolalamika maji, na nyingi nimekuta shida iko nyuma: mpira umevuliwa, umechanika, au umevalishwa kinyumenyume. Neno la "juu" huwa limeandikwa kwenye mpira wenyewe, mara nyingi kwa Kiingereza, na vile vijimasikio vinatakiwa vishike mzunguko wote. Pitisha kidole chini yake mahali ambapo jicho halifiki. Kikipenya, maji nayo yanapenya.

Mpira ukiwa mzima, nenda kwenye vile vimrija. Vikidondoka, tundu linabaki wazi; vikizibwa na tope au nyumba ya nyigu, taa inakosa pumzi na inavuta hewa kwa nguvu pale ilipo dhaifu. Hilo linatokea hasa ukimwagia maji baridi taa iliyotoka kuwaka saa nzima. Hewa inasinyaa ghafla na taa inanyonya. Zima, acha zipoe, ndipo uoshe. Baada ya hapo tazama kioo kwa nyufa, hasa kama unapita barabara za kokoto, na vile vishikio vya taa vilivyowahi kuvunjika vikagundishwa. Maungio ya kioo na gamba niliyaacha mwisho kwa makusudi. Gundi ya kiwandani pale ni imara, na mara nyingi haina kosa isipokuwa gari limewahi kugongwa au taa imewahi kufunguliwa.

Kama hujaona kitu kwa macho, ng'oa taa. Kwa gari langu ni kulegeza bampa na spana namba 10, kazi ya saa moja ukiwa na utulivu. Toa glopu, rudisha mpira, ziba kwa selotepu tundu la glopu na matundu mengine, ubakize kimrija kimoja. Paka maji ya sabuni kwenye maungio yote, kisha puliza kwa mdomo kupitia mpira mwembamba uliounganisha na kimrija hicho. Panapovuja patatoa povu. Usitumie kompresa, itaachanisha kioo. Mimi nilimpa mwanangu kazi ya kupuliza huku nikitazama, na pale yule fundi wa kwanza alipochoma msumari povu lilikuwa linachemka hasa, silikoni ilishaachia.

Kuziba nyufa ndogo tumia silikoni isiyonuka siki. Muuza duka la vifaa vya ujenzi anaijua, inauzwa ghali kidogo. Kukausha, kama ndani kuna tope suuza kwa maji ya betri, yale yaliyosafishwa yasiyo na asidi (soma chupa vizuri!), yatikise, yamwage. Maji ya bomba yanaacha madoa ya chumvi. Kisha ning'iniza taa tundu la glopu likiangalia chini, juani, siku nzima. Ukiwa na haraka, mashine ya kukaushia nywele kwa moto mdogo, mbali kiasi cha futi moja. Wapo wanaofungua kioo kwa kupasha taa kwenye oveni. Gundi ya zamani inalainika kwenye nyuzi 100 hivi, lakini magari mengi mapya yana gundi isiyoachia na utavunja kioo bure. Sijawahi kumshauri mtu afanye hivyo nyumbani.

Vile vipakiti vya silika jeli vya kwenye maboksi ya viatu vinasaidia kumalizia unyevu baada ya kuziba, basi. Vikishiba vinaacha kunyonya, na kimoja kikiiangukia glopu ya halojeni kitaungua. Dawa ya meno na msasa ni kwa ule umanjano wa nje ya kioo, huko ndani havifiki.

Mwisho wangu mimi: nilirudisha halojeni, nikaagiza mpira kutoka maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, ukaja na basi, elfu nane. Ungewekwa Julai, yote haya yasingetokea. Taa yenyewe ilibidi ninunue nyingine ya mtumba kwa sababu ya yale mabaka, na kabla sijalipa niliigeuza nyuma nikahesabu vimrija, vyote vipo. Nimepanda nayo Lushoto mvua za masika kadhaa. Asubuhi za baridi inapata ukungu kidogo kona ya juu, nikifika barabarani umekwisha.

Kwa hiyo Mkuu, mwambie fundi asubiri. Na kama taa inaonyesha hafifu kama unavyosema, usisafiri nayo usiku kwa sasa, hata kama ni hapo jirani. Kesho asubuhi fungua boneti, piga picha nyuma ya taa zote mbili, ya kulia na ya kushoto, uziweke hapa tuziangalie.