Makro yangu haionekani kwenye ClojureScript

SWALI: Shikamoo kaka, niko Area C hapa Dodoma. Nimeandika makro (kodi inayotengeneza kodi nyingine) kwenye faili la .cljs, yaani la ClojureScript, pamoja na fankshen zangu zingine, ila kila nikiiita naambiwa haijulikani. Siku ya pili hii!

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. ClojureScript inageuzwa kuwa JavaScript, lakini makro zenyewe hazifiki kwenye brauza, zinafanya kazi wakati wa kukompaili tu, na kompaila ya kawaida inarani kwenye Java, kwa hiyo makro inaandikwa kwa Clojure, lugha mama yake inayorani kwenye Java, ndani ya faili la .clj au .cljc. Chukulia mvinyo wa zabibu zetu za hapa, ukifungua chupa mashine ya kukamulia humo huikuti, imebaki kiwandani.

Hamishia defmacro kwenye faili la .clj lenye neimspesi (jina la kundi la kodi) ileile, halafu kwenye .cljs weka :require-macros inayoitaja neimspesi hiyohiyo, ukishafanya hivyo mafaili mengine yanaivuta kwa :require ya kawaida. Angalia na hili, fankshen ambayo makro inaiita wakati inapanuka, yaani inapotengeneza kodi, lazima iwepo upande wa Clojure, ila zile zilizomo kwenye kodi inayotolewa zinatafutwa upande wa ClojureScript. Na kama fankshen inatosha, mi nakushauri makro achana nayo kabisa.