Maswali ya Wasomaji: Gari Bovu Uani na Barua ya Siku 10

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpangaji hapa Columbus, Ohio. Mwaka jana shemeji yangu alihamia Texas akaniachia uani Camry yake ya mwaka 2004. Injini imekufa, magurudumu mawili ya mbele yameng'olewa, na gari limesimama juu ya matofali. Juma hili posta wameniletea barua ya kutia saini inayonipa siku 10 niwe nimeliondoa gari hilo au nimelifunika. Je, nikilifunika kwa turubai itatosha? Na kwa nini niandikiwe mimi, ilhali gari si langu?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na swali lako la pili, kwa sababu ndilo linalowashangaza wengi. Sheria ya jimbo la Ohio kuhusu magari mabovu yaliyoachwa uwanjani kwa ridhaa ya wenyeji haianzi kwa kumtafuta mwenye kadi ya gari, bali humwandikia yule aliye na haki ya kukikalia kiwanja. Na kwa kuwa umepanga nyumba pamoja na ua wake, basi ni wewe. Siku 10 zinahesabiwa tangu ulipoipokea barua, na ndiyo maana ulitakiwa kutia saini.

Hata hivyo, si kila gari lisilowaka huitwa bovu kisheria. Ni lazima liwe na umri wa miaka 3 au zaidi, liwe limeharibika vibaya au limenyofolewa vitu kama magurudumu, injini au giaboksi, lionekane dhahiri kwamba haliwezi kutembea, na bei yake sokoni isizidi dola 1,500. Tena liwe limekaa wazi kwa zaidi ya saa 72. Kwa jinsi ulivyolieleza gari la shemeji, labda bei tu ndiyo ungeweza kuibishia, nami sikushauri upoteze siku zako huko. Miji nayo ina sheria ndogo zake, kwa hiyo soma vizuri kifungu kilichotajwa katika barua yako.

Turubai halitoshi. Kufunika kunakotajwa na sheria ni kuliingiza gari katika banda lake au jengo jingine linalofaa. Kwetu gari la juu ya mawe huweza kukaa mpaka kuku wakatagia ndani yake. Huko Ohio, siku 10 zikipita, kosa la kwanza lina faini isiyozidi dola 150, lakini kila siku 30 gari linapoendelea kukaa huhesabiwa kosa jipya, na anayerudia huadhibiwa kwa uzito zaidi. Usijaribu pia kulisukumia barabarani, kwani likikaa huko saa 48 polisi wanaweza kulipiga picha, kuandika kasoro zake na kulipeleka moja kwa moja kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Njia nyepesi ni kuwauzia wanunuzi hao wewe mwenyewe, ila watadai hati ya umiliki yenye saini ya shemeji iliyothibitishwa na ofisa wa kuthibitisha saini. Mpigie leo, aisaini hukohuko Texas mbele ya ofisa wa namna hiyo, kisha akutumie kwa posta ya haraka. Kabla gari halijavutwa, fungua vibao vya namba: kwa utaratibu wa Ohio hivyo hubaki kwa mwenyewe, haviendi na gari.