Nembo ya Usoni Haisemi Nani Kajenga Bodi

Swali: Niliona basi lenye nembo ya Scania mbele, lakini rafiki yangu alisisitiza kuwa ni Marcopolo. Nani mkweli?

Jibu: Nyote wawili. Swali hili limeletwa hapa mara nyingi mno, na ninalijibu tena kwa sababu makosa mengine yote huanzia hapa. Scania, Volvo na Mercedes-Benz huuza chasisi, yaani fremu pamoja na injini, gia, ekseli na usukani, na juu yake kampuni nyingine hujenga bodi. Marcopolo ya Caxias do Sul, Brazili, na Irizar ya Ormaiztegi, Hispania, zimepata jina kwa kazi hiyo. Hata lile liitwalo Scania Touring, ambalo halina jina jingine ubavuni, bodi yake hujengwa na Higer ya China. Anayetaka kuijua chasisi asikilize injini na atazame mahali ilipokaa. Anayetaka kumjua mjenzi wa bodi aachane na nembo ya usoni.

Swali: Je, taa za mbele zinatosha kutambua Marcopolo G7?

Jibu: Hazitoshi, na ningefurahi kama wasomaji wangeacha kuzitegemea. G7, yaani kizazi cha saba cha mabasi ya Marcopolo, ilitoka mwaka 2009 na G8 mwaka 2021, na baina ya matoleo hayo taa zilibadilika kweli, lakini taa hufungwa kwa skrubu, na uso mzima wa basi aghalabu ni faiba iliyomiminwa katika kalibu. Karakana yenye fundi hodari huweza kulivika basi kuukuu uso mpya. Nimewahi kusimama kando ya basi la namna hiyo. Kwa mbele ulikuwa uso wa G7 usio na kasoro, lakini nilipopitisha kidole nyuma ya mlango wa abiria nilikuta mshono uliojazwa puti, nayo ilikwisha kupasuka kama udongo mkavu. Kutoka hapo kwenda nyuma kulikuwa na mabati yaliyopigwa ribiti, na vioo vya madirisha vilishikwa kwa mpira, si kwa gundi. Uso ulikuwa wa zama moja na ubavu wa zama nyingine.

Kwa hiyo tazameni vile ambavyo kuvibadilisha ni ghali: nafasi kati ya nguzo za madirisha, mstari wa chini wa vioo na mahali unapopanda au kushuka ukikaribia dereva, mlalo wa kioo cha mbele, na namna ukingo wa paa unavyokutana na ubavu. Nguzo ndiyo mifupa ya bodi, na hakuna anayeihamisha kwa ajili ya urembo.

Swali: Tarakimu kama 1200 na 1800 DD kwenye Paradiso ya Marcopolo zina maana gani?

Jibu: Kadiri tarakimu inavyokuwa kubwa, ndivyo basi linavyopanda juu, DD ni la ghorofa mbili, na LD ni lile ambalo dereva huketi chini kuliko abiria.

Swali: Setra, basi la Kijerumani, hutumia chasisi ya nani?

Jibu: Haitumii ya mtu. Jina lenyewe limefupishwa kutoka neno la Kijerumani lenye maana ya “inayojibeba”, kwa sababu tangu basi lake la S 8 la mwaka 1951 bodi ndiyo inayobeba mzigo wote, bila fremu iliyotengwa na bodi. Yutong ya Zhengzhou nayo huuza basi zima, kwa hiyo hapo nembo ya mbele inasema kweli.

Swali: Nikikutumia picha ya uso wa basi, utanitajia aliyelijenga?

Jibu: Hapana. Tuma picha ya ubavu wote.

Swali: Ninataka kununua basi lililotumika, na muuzaji anasema bodi ni ya Irizar. Nithibitisheje?

Jibu: Kwanza tafuta kibati cha mjenzi wa bodi, ambacho mara nyingi huwa karibu na mlango wa mbele au eneo la dereva. Usikichanganye na namba ya chasisi, kwani hiyo itakutajia aliyeuza chasisi tu. Kisha linganisha nguzo na madirisha na picha za toleo linalotajwa, upande wa kushoto na wa kulia, maana basi lililogongwa huweza kujengwa upya upande mmoja. Kama kibati kimeng'olewa, chukulia kuwa madai hayo hayana ushahidi, na bei ishuke ipasavyo.

Hukuniuliza kuhusu vipuri, lakini ndipo wengi wanapoumia. Kioo cha mbele huagizwa kwa jina la mjenzi wa bodi na toleo lake, si kwa jina la chasisi, na hata mjenzi maarufu huweza kuanguka, kama Van Hool ya Ubelgiji iliyofilisika mwaka 2024. Kabla ya kulipa, pima kioo hicho na uulize kwa wauzaji wa vioo kama kingine cha aina hiyo kinapatikana.